Twendeni Ziwani Kukiwa na Baridi

Hotuba hii niliitoa Uyole, Mbeya, mbele ya walimu, wanafunzi, waongoza watalii na wakazi waliokusanyika kujiandaa na matembezi ya Ziwa Ngosi. Wengi waliotaka kuja walibanwa na kazi za mashambani, kwa hiyo naiweka hapa yote. Picha tulizotazama ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wangu, ndugu zangu wa Uyole, Isyonje, Isongole na Igoma, poleni na baridi. Mliotoka Njombe na Makambako, kamwene. Mliopanda kutoka Tukuyu, mugonile. Na ninyi wanafunzi mliokaa hapa mbele mmejifunika vitenge vya mama na makoti ya baba, karibuni sana. Leo nasema na ninyi kuliko mtu mwingine yeyote.

Naanza na swali. Nani hapa amewahi kufika Ngosi wakati wa sikukuu za Desemba? Naona mikono mingi. Sasa, nani amewahi kufika mwezi wa saba, asubuhi, ukungu ukiwa bado haujanyanyuka majini? Mikono imeshuka. Imebaki ya waongoza watalii, na ya mama mmoja ambaye nyumba yake iko chini ya msitu.

Hilo ndilo lililonileta. Sisi watu wa nyanda za juu kusini tuna msimu wa baridi unaojulikana nchi nzima. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa aje Mbeya mwezi wa sita, kwanza anauliza koti. Kule Kitulo na Makete majani yanaamka meupe kwa sakitu, hiyo ambayo sisi tunaiita barafu, na mwenye viazi anajua asubuhi ileile kama ana mavuno au hana. Lakini msimu huo wenyewe tunaupitisha ndani, tumezunguka jiko la mkaa, tunaingojea Septemba. (Na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua. Nitalisema kila ninaposimama.) Mimi nasema msimu huo ndio wa kwenda majini. Ndio wa kutazama ndege. Ndio wa kujua kwa macho yetu nani ni mwenyeji wa milima hii na nani ni mgeni.

Nianze na wageni.

Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, mtu alimpiga risasi korongo mweupe. Walipomwokota wakakuta shingoni ana mkuki umepita upande hadi upande, mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi. Walipouchunguza, mti wake ulikuwa wa Afrika. Hebu fikirini. Ndege alichomwa mkuki huku kwetu, hakufa, akaruka nao, akavuka jangwa, akafika kwao Ulaya wakati wa kutaga. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa bado shingoni.

Kwa nini korongo huyo ana maana kubwa? Kwa sababu kabla yake watu wa Ulaya hawakuwa na uhakika ndege wao wanakwenda wapi baridi ikiingia. Askofu mmoja wa Sweden aliandika mwaka 1555 kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji, na kwamba wavuvi huwavuta kwa nyavu kutoka chini ya barafu. Watu wasomi waliyaamini mambo hayo. Korongo mwenye mkuki akawapa jibu ambalo hakuna aliyeweza kulikataa: wako Afrika. Na mkulima wa Usangu hakuhitaji kungoja mwaka 1822. Yeye anajua makundi ya korongo hao huja na mvua na kuondoka nazo, maana ndio wanaomla nzige na panzi shambani mwake.

Kwa hiyo kuna baridi mbili, ndugu zangu. Kuna baridi yao, ya Desemba hadi Februari, inayotuletea wageni: mbayuwayu, korongo weupe, vitwitwi wa kila aina wanaokimbia ukingoni mwa maji. Wanaanza kufika Septemba na Oktoba, wanaondoka Machi na Aprili. Na kuna baridi yetu, ya Juni hadi Agosti. Wakati huo wageni wale wako kwao wanalea watoto. Ukienda bwawani mwezi wa saba, uliowakuta karibu wote ni wa Afrika hii hii.

Nasema karibu wote ni wa Afrika, sisemi wote ni wa hapa. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma.

Yuko mbayuwayu mmoja wa buluu iliyokolea, dume ana mkia mrefu wenye manyoya mawili membamba kama nyuzi. Huyu hatoki Ulaya. Huyu anazaliwa hapa, kwenye nyasi za milima, Kitulo na Njombe, wakati wa mvua. Ikifika Aprili anaondoka, anakwenda kaskazini upande wa Ziwa Victoria, Uganda na Kenya, anakaa huko baridi yetu yote, kisha anarudi. Dunia nzima wamebaki wachache, na yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini. Na mnajua anataga wapi? Ndani ya ardhi. Anaingia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, anabandika kiota chake cha udongo na nyasi kwenye dari ya shimo hilo.

Sasa tazameni. Mwezi wa nane mtu anapanda mlimani kutafuta pa kulima viazi au kupanda misindano. Anaona nini? Nyasi kavu na shimo tupu. Anauliza: hapa pana mwenyewe? Hapana. Anafukia shimo, anageuza nyasi, anapanda. Novemba mbayuwayu anarudi kutoka Uganda, anazunguka, anazunguka, nyumba haipo. Mtu yule hakufanya ubaya kwa makusudi. Hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu alifika mwenye nyumba akiwa safarini, na hakuna jirani aliyemwambia. Sisi ndio majirani. Tukitembea milima yetu wakati wa baridi, tukazijua nyasi zenyewe na mashimo yenyewe, tutaweza kumwambia: ndugu, subiri, hapa pana mtu, atarudi na mvua.

Basi hao ni wanaoondoka. Wanaobaki je? Wanaishije na baridi hii inayotufunga sisi ndani?

Huna haja ya kupanda mlima kulijibu hilo. Asubuhi ya kesho, jua likishachomoza, tazama mpera ulio nyuma ya nyumba yako. Utamwona kuzumburu. Wanafunzi mnamjua, ni yule wa kahawia mwenye kishungi na mkia mrefu mgumu, anayekula mapera na mapapai kabla hayajaiva. Usimfukuze. Mtazame kwanza. Usiku kuzumburu wanalala wamekumbatiana, kundi zima linakuwa fundo moja la manyoya kwenye tawi, na miili yao inapoa ili wasimalize nguvu. Asubuhi hawawezi kuondoka hivihivi. Kila mmoja anajining'iniza kwenye tawi kwa miguu yote miwili, miguu sawasawa na mabega, anafungua manyoya ya tumbo na kulielekeza tumbo lake juani. Ukisogea karibu taratibu utaona ngozi nyeusi chini ya manyoya, ikinywa joto. Anakaa hivyo muda mrefu, macho nusu yamefungwa, mpaka mwili urudi kwenye kazi. Ndege huyo yupo kwenye kila ua la Mbeya. Ni wangapi hapa tumewahi kusimama kumtazama?

Kitulo kuna wengine. Wakati wa mvua watalii wanakuja pale kwa ajili ya maua, na wana haki. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wazee wanaiita Bustani ya Mungu. Wakati huo wa maua yuko ndege mweusi wa majanini, dume, mwenye mkia mrefu kupita mwili wake, anaruka chini chini juu ya nyasi akijionyesha kwa majike. Kila mtu anampiga picha. Njoo mwezi wa saba umtafute. Mkia hakuna. Weusi wa kifua umekwisha. Amevaa kahawia yenye michirizi, amechanganyika na majike na watoto kwenye kundi moja, na mtu anayepita haraka ataapa kwamba ndege yule amehama. Hakuhama. Ngoja aruke. Akifungua bawa utaona bega la njano. Hilo halivui. Ndivyo unavyomtambua. Na ndege huyu, ndugu zangu, hapatikani Arusha wala Mwanza. Dunia nzima yuko kwenye milima hii yetu, Malawi kaskazini na kipande cha Zambia kinachopakana nao.

Sasa Ngosi yenyewe, maana ndiko tunakokwenda.

Ziwa lile liko ndani ya kreta ya volkano katika milima ya Poroto, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na kina kinachozidi mita 70. Unaiacha barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, unapita mashamba ya viazi na kabichi, unaingia msituni: mianzi, migomba mwitu, miti iliyovaa kuvu na ndevu za kijani. Kipande cha mwisho ni mwinuko mkali, mizizi ndiyo ngazi. Halafu unatokea ukingoni, na maji yako chini sana, yamezungukwa na kuta za msitu.

Au unatokea ukingoni na huoni kitu. Mwezi wa saba ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na nimeona watu wakikasirika na kugeuka. Msigeuke. Ukungu ule una sababu yake. Upepo wa kusini mashariki unatoka juu ya Ziwa Nyasa, ambalo maji yake hayafiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, unapanda Rungwe na Poroto, na kila unavyopanda unapoa, mpaka mvuke wake unakuwa matone. Unachokiona pale ni Ziwa Nyasa likipita hewani. Ndiyo maana Rungwe panalowa wakati Usangu, upande wa pili wa milima hiyohiyo, panakauka. Na kule Kitulo, usiku mawingu yasipokuwepo, ardhi inapoteza joto lake lote, hewa baridi inateremka mabondeni kwa uzito wake, na sakitu inapiga bondeni kabla ya mgongoni. Mkulima wa Matamba anajua hivyo, hapandi viazi vyake mahali popote tu.

Kwa hiyo ukifika kwenye ukungu, kaa. Nyamaza. Fungua masikio. Msitu wa baridi unasikika kabla haujaonekana. Utasikia mbawa nzito za hondohondo. Utasikia shorobo akikoroma juu ya miti, sauti ya kukwaruza isiyofanana kabisa na uzuri wake. Ukungu ukipasuka kidogo utamwona anaruka mti hadi mti, kijani yote, kisha anafungua mabawa na ndani ni nyekundu tupu. Nyekundu ile ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake. Ndege wengi mnaowaona kuwa wekundu hawana kitu hicho. Shorobo anacho. Mwalimu wa kemia, mkumbushe mtoto darasani siku ya shaba: inaruka juu ya Poroto.

Sasa nihame kwenye uzuri, nizungumzie maji.

Kwa nini nasisitiza mwezi wa saba na wa nane? Kwa sababu wakati wa mvua kila bonde lina maji na kila bonde linaonekana zima. Kiangazi ndicho kinachosema kweli. Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulisimama. Mto ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima, ulikatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi, na tangu hapo umekuwa ukikatika mwaka baada ya mwaka. Viboko walijazana kwenye vidimbwi vya tope. Samaki walikufa. Na ndege wa majini, ambao wana mabawa na hawana sababu ya kungoja, waliondoka.

Maji ya Ruaha yanatoka wapi? Yanatoka hapa. Yanatoka Poroto na Kipengere, yanashuka kwa Chimala, kwa Kimani, kwa Mbarali, yanaingia Usangu, yanakaa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, yanavuka mwamba wa Ng'iriama, ndipo yanakwenda Ruaha, Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Njiani kuna mashamba ya mpunga, kuna mifugo, kuna mifereji isiyofungwa hata mpunga ukishavunwa. Tanzania ina maeneo manne yaliyoandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu: Malagarasi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji hadi Mafia na Kilwa. Usangu haimo. Mimi naona ilistahili kuwemo.

Katika mabonde hayo anaishi korongo taji, yule mwenye taji la dhahabu kichwani, ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Tangu mwaka 2012 ametangazwa kuwa hatarini kutoweka. Anataga kwenye majani ya majimaji, na majimaji yenyewe ndiyo hayo tunayoyalima vinyungu, bustani zetu za mabondeni, wakati wa baridi. Sisemi watu waache vinyungu. Mboga tunazokula sokoni mwezi huu zinatoka vinyunguni, na ada za watoto zinatoka humo. Nasema tuache kipande. Nasema chemchemi yenyewe isiguswe, na mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe kama sheria zetu zinavyotaka, ipandwe miti isiyokunywa kisima kizima. Mwenyekiti wa kijiji akipita mwezi wa nane na kuona korongo taji wawili wanatembea bondeni, ajue bonde lake bado lina maji. Akipita asiwaone, aulize.

Lakini atajuaje kama walikuwepo mwaka jana? Hapo ndipo penye kazi yetu.

Mnamjua kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja miaka mingi, nyani wa Mlima Rungwe mwenye manyoya marefu. Watafiti waliposikia walidhani huenda ni kiumbe cha hadithi tu. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao, na mwaka 2005 akaingia kwenye vitabu vya sayansi kama jamii mpya kabisa. Mpya kwa nani? Watu wa Rungwe walimjua. Ila maarifa yao yalikuwa kichwani na mdomoni, hayakuwa kwenye karatasi yenye tarehe. Ningependa ndege wetu wasingoje hivyo.

Duniani kote ndege wa majini wanahesabiwa kila Januari. Afrika tuna hesabu ya pili mwezi wa saba, na ya mwezi wa saba ndiyo inayokosa watu. Kuhesabu si kazi ya profesa. Unahitaji daftari, kalamu, na uvumilivu. Darubini ikiwepo ni neema. Unaandika mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, maji yamefika wapi kwenye ukingo. Kundi dogo hesabu mmoja mmoja. Kundi kubwa, hesabu kumi, ione kumi ile inachukua nafasi kiasi gani, kisha endelea kumi kumi. Ndege usiyemjua, usimpe jina la kubahatisha. Andika ukubwa, rangi ya mdomo, rangi ya miguu, alikuwa anafanya nini, na jina ambalo bibi yako anamwita kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kikinga au Kibena. Na usipoona ndege, andika sifuri. Watoto wangu, sikieni: sifuri ni habari. Sifuri ya mwezi wa saba mwaka huu, ikiwa na tarehe, itamsaidia mtu ambaye hajazaliwa.

Kuhusu manati sitasema mengi. Mwenye nayo mfukoni, amwachie mwalimu wake leo.

Sasa mipango ya kesho. Tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Vaa viatu vyenye meno, njia inateleza, na kitu cha kuzuia maji, maana koti la sufu likilowa linakuwa mzigo. Kundi la kwanza litapanda hadi ukingoni na waongoza watalii. Watakaa pale wamenyamaza nusu saa kabla ya mtu yeyote kutoa simu. Kundi la pili, la wazee na wadogo, litabaki kwenye ukingo wa msitu na mashamba ya viazi, ambako mara nyingi ndege ni wengi kuliko juu. Wenye darubini wawape wanafunzi kwanza. Plastiki zote zinarudi Uyole. Na mtakaobaki nyumbani mna kazi pia: saa moja hadi saa mbili asubuhi, kuzumburu kwenye miti ya ua lako, wangapi wameota jua, mti gani, na jua lilifika saa ngapi. Karatasi zikusanywe kwa walimu Jumatatu. Daftari la majina liko hapa mezani, anzeni na mstari wa mbele.